Mguu wa Cheptoo Watangazwa Mzima

"Wazazi wapendwa, wageni waalikwa, na ng'ombe mnaonisikiliza kutoka nje," alitangaza Cheptoo, amesimama mbele ya meko na kikombe cha chai mkononi, "ninayo heshima kubwa kuwaarifu kwamba mguu wa kulia wa binti yenu, uliozua uvumi mwingi katika eneo zima la Merigi, kuanzia leo ni mzima, ni imara, na hauhitaji tena maombi ya kikundi cha akina mama. Waliokuwa wakifunga kwa ajili yake wanaweza kula. Asanteni."

Aliinama kidogo, kama mwalimu mkuu wa shule yao ya bweni alivyozoea kuinama baada ya kutangaza jambo lisilo na maana, kisha akapiga hatua kuelekea mlangoni. Mguu wa kulia, ambao haukuwa umeshirikishwa katika kuandaa tangazo hilo, ulikataa. Cheptoo alishika nguzo ya jikoni, chai ikamwagikia gunia la mahindi, na kibuyu cha mursik, maziwa yaliyochachushwa, ambacho mama yake alikitunza kwa ajili ya wageni kikaviringika hadi miguuni mwa baba yake.

"Nimekanyaga paka," alisema.

Paka alikuwa amelala juu ya kuni upande wa pili wa jiko. Alifungua jicho moja kusikia jina lake likitumiwa vibaya, akalifunga.

Mzee Noah alikiinua kibuyu, akakisimamisha, akamtazama binti yake kwa muda mrefu kuliko binti alivyopenda kutazamwa. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alikuwa na chai yake, ng'ombe wake wa maziwa na kiti chake kanisani, na vyote hivyo vilimtosha kwa mazungumzo.

"Kama mguu haujapona, sema sasa," alisema. "Mbio si lazima."

"Umepona, baba."

"Basi Jumamosi tutakuja Sotik kukuona."

Hiyo ilikuwa Jumapili, mwaka wa tisini na sita, na mbio zilikuwa zimebaki juma moja.

Mbio zenyewe zilikuwa za barabarani, kutoka Litein hadi Sotik, mlima ukishuka tu ili upate nafasi ya kupanda tena. Wasichana wawili wa kwanza wangechukuliwa na kampuni ya chai iliyopakana na kijiji chao: asubuhi mazoezi, mchana kazi ndogo ofisini, na chumba cha mtu mwenyewe katika nyumba za wafanyakazi. Kwa Cheptoo, chumba hicho kilikuwa kikubwa kuliko kilivyoonekana. Mwanzoni mwa mvua baba yake alikuwa amesema mezani, kama mtu anayezungumzia mbolea, kwamba watu wa Kipchirchir wa Siongiroi wameulizia, na kwamba Desemba wangekuja kwa koito. Wazee wangekaa, mursik ingenywewa, na mambo ya ndoa yangefungwa.

Cheptoo, mwenye miaka kumi na tisa na cheti chake cha kidato cha nne, alilichukua jambo hilo kama alivyochukua kila jambo. Alisimama, akasafisha koo, akatangaza kwamba mfanyakazi wa kampuni hafanyiwi koito bila kuulizwa maoni, kwa hiyo aachwe kwanza akimbie. Watu walicheka. Hata Mzee Noah alicheka, jambo ambalo halikutokea kila mwaka.

"Haya," alisema. "Ukishika namba Sotik, nitakuuliza. Usiposhika, usiniulize."

Kisha, kwa bahati mbaya, aliacha kucheka, na kesho yake akawaeleza wazee wa kanisa. Neno la Mzee Noah likishafika kanisani halikurudi tena nyumbani.

Kipchirchir mwenyewe alikuwa mfanyabiashara wa ng'ombe, mpole, mwenye meno mazuri. Kila alipopita alimletea mama sukari na kumuuliza baba habari za malisho. Hakuwa na kosa lolote la kumshikia, na hilo ndilo lililomchosha Cheptoo. Mtu mbaya unaweza kumkimbia mchana kweupe na majirani wakakufungulia lango. Mtu mwema unaambiwa umshukuru Mungu. Kosa la Kipchirchir lilikuwa moja tu, nalo ni kwamba hakuwa Seth.

Seth alikuwa mwana wa Joab, fundi wa boila katika kiwanda cha chai. Ukoo wao ulitoka upande wa ziwa kabla hajazaliwa, na yeye alikulia papa hapa, akizungumza Kijaluo nyumbani, Kipsigis malishoni na Kiswahili kiwandani. Kwa kina Cheptoo aliitwa "yule kijana wa Joab", kwa sauti ambayo watu huitumia kwa jirani mwema wanayeomba Mungu abaki kuwa jirani.

Baada ya chai Cheptoo alivaa viatu vyake vya mazoezi na kutoka. Alikimbia kutoka langoni hadi kwenye kona, akinyoosha mgongo, akimpungia mkono mama mmoja aliyebeba maji, akitabasamu kwa meno yote. Kila hatua ilimpanda kutoka kwenye muundi hadi mzizi wa jino. Alipoipita kona, pale ambapo nyumbani hawamwoni tena, alisimama, akatazama nyuma, akaingia kati ya mistari ya michai na kukaa chini.

Hivyo ndivyo alivyofanya mazoezi siku hizi. Siku ambazo kocha wake alikuja, alikimbia kwelikweli, akilia kwa ndani na kumweleza kocha kwamba macho yanatoka machozi kwa sababu ya upepo. Siku nyingine alikaa hapa, michai ikimfunika hadi mabegani, akisikiliza wachumaji wa mbali wakiitana. Muda wa kutosha ulipopita alijipaka umande usoni na shingoni, akajipulizia pumzi fupi fupi, na kurudi nyumbani akihema kama mshindi.

Leo alivuta soksi, akalegeza bendeji na kugusa mahali pale kwa kidole gumba. Hakuhitaji kupatafuta. Mwezi mmoja kabla alikuwa amekwenda kliniki moja huko Sotik, ambako hakuna aliyemjua, na alipoulizwa jina akasema Marcella, kwa sababu ndilo alilolipenda siku hiyo. Nesi, mama mnene mwenye mikono ya upole, aliubonyeza mguu mara moja tu. Alimwambia mfupa una ufa. Alimwambia akae na plasta mpaka Krismasi ikaribie, asikimbie, asikandwe, na asiuweke mguu kwenye joto. Akiendelea, siku moja ungekatika katikati ya barabara, na wale wa pembeni wangesikia mlio. Marcella alishukuru kwa Kiingereza safi, akaomba kwenda msalani, akapitia dirishani.

Kisha alirudi kwao, ambako mguu wake ulikandwa kila jioni na kuwekwa kwenye joto kila Jumapili.

Aliyekanda alikuwa Kogo Chepyegon, nyanya yake mzaa baba, kwa mafuta ya kondoo na vidole vilivyokuwa vimenyoosha viungo vya nusu ya kijiji. Na habari ya joto ilianzia kwa wanakijiji wenyewe. Wote walikuwa wapelekaji wa majani kiwandani, na wote walikuwa wameona jani bichi linavyoingia gumu na kutoka laini baada ya kupulizwa hewa ya moto. Kwa hiyo walikubaliana, bila kumuuliza yeyote aliyesomea miguu, kwamba kinachonyausha jani kitanyausha uvimbe. Mzee Noah mwenyewe alikuwa amemwomba msimamizi Mokaya ruhusa. Na kijana aliyefanya kazi kwenye vitanda vya kunyaushia, kwa mapenzi ya Mungu ambayo Mzee Noah hakuyaona yakija, alikuwa Seth.

Vitanda hivyo vilikuwa masanduku marefu yenye wavu wa waya, majani yakitandazwa juu na feni ikivuma kutoka chini. Jina hilo la kitanda lilimkosesha mama yake raha, kwa hiyo ikaamuliwa kwamba Kogo aende naye kila mara na akae karibu.

*

Ibada ilipokwisha, watu walisimama uwanjani wakisalimiana kwa zamu, kama kawaida. Seth alikuwa ng'ambo, karibu na ua, amevaa shati jeupe ambalo mikono yake ilikuwa imelizidi. Aliinua macho, akamwona, akayashusha, akayainua tena. Cheptoo alihisi joto ambalo halikutoka kwa feni yoyote. Alikwenda kumsalimia, polepole, akijitahidi kutembea kama tangazo lake la asubuhi.

Hapo ndipo alipomwona mama mnene aliyesimama kando ya Seth.

"Aunti yangu, Dorcus," alisema Seth. "Ametoka Sotik kumwona baba. Aunti, huyu ndiye..."

"Namjua," alisema Dorcus. "Habari yako, Marcella. Plasta iko wapi?"

Cheptoo aliwahi kukamatwa na mwangalizi wa bweni akiwa juu ya paa na mkungu wa ndizi, na hata siku hiyo hakukosa la kusema.

"Marcella ni pacha wangu," alisema.

"Una pacha?" aliuliza Seth.

"Hatuelewani sana."

Dorcus aliutazama mguu, kisha uso, kisha mguu tena. Hakucheka wala hakukasirika. Alikuwa ameona watu wengi wakikimbia kupitia dirisha lile.

"Basi ukimwona umsalimie," alisema. "Mwambie mfupa haujali umeandikishwa kwa jina gani."

Seth alimtazama Cheptoo. Ule ulikuwa mtazamo mpya, wa mtu anayehesabu kitu rohoni na hataki kufika mwisho wa hesabu. Cheptoo aliagana nao haraka na kusema Kogo anamngoja. Alipogeuka aliwaona shangazi na mpwa wakisogea kando, shangazi akieleza jambo kwa mikono, Seth akitikisa kichwa taratibu.

Alikwenda nyuma ya vyoo vya kanisa. Pale, akiegemea ukuta wa mabati, alifungua bendeji kutoka mguu wa kulia na kuifunga kwenye wa kushoto, vizuri, kwa fundo lile lile. Mguu mbovu aliufunika kwa soksi ndefu ya shule. Katika bweni lao mbinu hiyo ilikuwa imewaokoa wasichana wengi na kazi ya shambani.

*

Kogo Chepyegon, aliyesema hata mguu uliopona unastahili joto la mwisho, alipanda ngazi za kiwanda akipumzika kila baada ya hatua chache, akaketi juu ya magunia yaliyokunjwa mwisho wa ukumbi, akafunga macho. Joto la mle lilimlaza kila Jumapili kabla hajafika Amina ya sala yake. Msimu ulikuwa wa majani mengi, kiwanda hakikupumzika, na harufu ya chai inayonyauka ilijaa pote, tamu na chungu, kama nyasi zilizokatwa na matunda pamoja. Mokaya alisimama mbali akihakikisha kwamba Cheptoo ameosha mguu kwa sabuni kabla ya kuuweka kwenye kitanda cha mwisho. Alipenda kusema kwamba kuna wazungu huko kwao wanaokunywa chai ya mguu wa Cheptoo na kuisifu. Leo hakuona kwamba mguu uliooshwa ulikuwa mwingine.

Jumapili zilizopita Seth alifungua feni mara moja, akayasukuma majani ya vuguvugu kuuzunguka mguu, na wakazungumza. Alimsimulia jinsi mvuke unavyopanda kutoka kwa boila ya baba yake, na jinsi alivyotaka siku moja kusomea mitambo huko Kisumu. Cheptoo alimsimulia maovu ya bweni. Mikono ya Seth haikuwahi kumgusa juu ya majani. Ilipita chini yake tu, ikigeuza, na mara moja moja kidole kilisahau njia. Kisha wote wawili walitazama feni kwa makini sana.

Leo feni ya kitanda cha mwisho ilikuwa kimya. Seth alisimama mbele yake, mikono mifukoni.

"Hufungui?" aliuliza Cheptoo.

"Aunti hakuniambia lolote juu ya wagonjwa wake. Amekataa. Nimemuuliza tu mtu anajuaje mfupa una ufa."

"Na akasema?"

"Simama kwa mguu huo mmoja. Ruka mara moja. Mwenye ufa haruki." Alitoa mikono mifukoni. "Ukiruka, Cheptoo, Jumamosi nitakuja Litein mimi mwenyewe nikufunge viatu."

Cheptoo alisimama. Alipanga uso wake uonekane umeonewa kidogo, akauinua mguu wa kulia kama kuku, na kwa ule wa kushoto, wenye bendeji, akaruka mara moja. Kisha mara ya pili, kwa hiari yake. Kisha akazunguka mduara mzima na kuinama kwa heshima kwa kitanda cha majani.

Seth hakupiga makofi. Alipiga magoti kwenye sakafu, akalifungua lile fundo, akaikunja bendeji pole pole kama mtu anayekunja nguo ya kanisani. Aliutazama mguu wa kushoto, uliokuwa laini, mwembamba, usio na hatia.

"Huu siujui," alisema.

"Ni mguu tu. Inafanana."

"Ule mwingine una kovu la seng'enge hapa chini ya goti. Na kidole cha mwisho kimepinda. Jumapili zote hizi, wewe unafikiri nilikuwa naangalia majani?"

Hakuna mtu aliyewahi kumwambia Cheptoo neno tamu kama hilo, na lilimfikia kwa sauti ya mtu anayetaka kulia. Alitafuta mzaha. Alikuwa na akiba ya mizaha ya miaka minne ya bweni, na yote ilikuwa imeondoka.

Seth alisema mengi baada ya hapo, kwa sauti ya chini, macho yake kwenye sakafu. Alisema baba yake alikuwa akitunza moto wa boila kila Jumapili zaidi ya inavyotakiwa, kwa ajili yake, na kwamba mzee yule wa watu alikuwa akijivuna kwa wenzake kuwa anamponya binti wa Noah. Alisema yeye mwenyewe alikuwa akilala akiuombea mguu ule, akijiambia kwamba siku Mzee Noah atakapouona umepona atauliza ni nani aliyeuponya.

"Kumbe mimi ndiye nakuvunja," alisema. "Umenifanya mimi nikuvunje, na mimi nashukuru kila nikifungua hii feni."

"Si wewe."

"Ni mkono wangu."

Cheptoo alimwomba asimwambie kocha. Alisema limebaki juma moja tu, kwamba akiufunga vizuri na kumeza dawa za maumivu utamfikisha. Seth alimwambia aziache mbio. Yeye na baba yake wangevaa makoti yao na kwenda kubisha mlangoni kwa Mzee Noah kama watu.

"Atawakaribisha," alisema Cheptoo. "Atawapa chai, atawauliza habari ya mvua, kisha atawasindikiza mpaka njiani na kuwashika mikono vizuri. Baba hukataa hivyo."

"Basi anikatae mimi. Nimesimama pale, ananiona. Si akatae mguu."

"Seth, tafadhali. Juma moja."

"Ruka, basi." Alisema kwa upole, na upole wake ulikuwa mbaya kuliko hasira. "Kwa ule wenyewe. Ukiruka nitanyamaza."

Angeweza kukataa. Badala yake alivua soksi ya shule. Mguu wa kulia ulionekana, muundi umevimba na kung'aa, na Seth aligeuza uso kama aliyemulikwa. Cheptoo aliushika ukingo wa kitanda, akauachia, akasimama kwa mguu huo mmoja. Kijasho kilimtoka juu ya mdomo. Alikunja goti. Aliuambia mguu, kimoyomoyo, kwamba ni upana wa kidole kimoja tu kuinuka kutoka ardhini, kitu ambacho hata mbuzi hufanya bila kufikiri. Mguu haukuinuka. Aliujaribu tena, na safari hii dunia ikawa nyeupe, naye akaanguka ubavu ndani ya majani, na huko mbali Mokaya akauliza kwa ukali kama wanajua majani yale ni ya nani.

Seth alimshika mabega asiteleze. Ndiyo mara ya kwanza aliyomshika waziwazi. Cheptoo alikuwa analia bila sauti, mdomo wazi, majani yamemganda shavuni.

"Ulijua tangu lini kwamba hutakimbia?" aliuliza Seth.

"Tangu Sotik."

"Kwa nini basi ukawa unakuja hapa? Kama ulijua hii moto inakuumiza?"

"Mguu ukipona, nitapanda ngazi hii nikimwambia nani nafuata nini?"

Seth aliinama karibu yake. Aliondoa jani moja kutoka shavuni mwake, kisha lingine, na mkono wake ukabaki pale ulipokuwa. Kwa muda mfupi palikuwa na mvumo wa feni za mbali tu, na nyuso zao karibu kuliko zilivyowahi kuwa. Kama ingekuwa siku nyingine, angefurahi kufa.

"Hiyo ni nusu," alisema Kogo Chepyegon.

Waliruka wakaachana. Kogo alikuwa bado amefumba macho, mikono juu ya fimbo yake, juu ya magunia yale yale.

"Kogo, ulikuwa umelala."

"Mimi silali humu tangu Jumapili ya kwanza, lakwet, mtoto wangu. Kuna kelele." Alifungua macho. "Nimekukanda kila jioni. Ulikuwa unauma blanketi, nikakuuliza, ukasema ni moshi. Mfupa uliopasuka, na mimi naukanda kwa nguvu zangu zote nikimwita Mungu. Msichana anayetaka kuona kijana hawezi kuvumilia hivyo. Angepata kisingizio kingine, angesema anasongwa na kifua. Wewe ulitaka nini na huo mguu? Sema mbele yake. Amestahili kusikia."

Cheptoo alimtazama nyanya yake, kisha Seth, kisha ngazi. Hapakuwa na dirisha.

"Nesi alisema utakatika barabarani," alianza. Sauti yake ilikuwa ndogo, ya mtu asiyeizoea. "Alisema watu watasikia. Yeye alisema kama onyo. Mimi nikatoka pale nikaishika kama ahadi. Nikasema, ukatike Sotik, mbele ya baba, mbele ya watu wote wa kanisa, pasiwe na mtu wa kusema nilikataa. Nani anapeleka wazee kuulizia msichana aliyekatika mguu? Hata Kipchirchir na wema wake, mama yake angemwambia atafute mwingine wa kukamua ng'ombe." Alipangusa pua kwa mgongo wa mkono. "Na huyu angenichukua hivyo hivyo. Nilijua angenichukua. Ndiyo sababu nikasema umepona. Leo asubuhi baba ameniambia mbio si lazima, na mimi nikamwambia umepona, ili nisizuiwe kwenda kuuvunja."

Seth alikaa chini kwenye sakafu, ghafla, kama aliyekatwa kamba.

Kogo aliilaza fimbo magotini. Alipozungumza tena hakuwa mkali.

"Baba yako umewahi kumwambia humtaki yule wa Siongiroi?"

"Nilimwambia mfanyakazi wa kampuni..."

"Huo ulikuwa mchezo. Tulicheka. Mimi nakuuliza kama umemwambia."

Cheptoo alifungua mdomo. Alikumbuka kila alichowahi kutangaza katika nyumba ile: kifo cha jogoo, kuchaguliwa kwa mbuzi kuwa mzee wa kijiji, matokeo ya mtihani, kupona kwa mguu. Alitafuta kati ya hayo yote ile sentensi moja fupi, na hakuiona, kwa sababu haikuwahi kuwako.

"Hapana," alisema. "Sijawahi kumwambia. Mara moja sijawahi. Nilitania ili acheke, na alipocheka nikafurahi, nikaona imeisha. Kisha ikawa siwezi tena. Nikaona ni rahisi mfupa uvunjike kuliko nimwangalie baba usoni niseme simtaki mtu aliyeniletea. Namwogopa, Kogo. Si kwamba atanipiga. Naogopa atanyamaza. Simtaki Kipchirchir. Namtaka huyu, na sikuwa na mdomo wa kusema, nikatoa mguu."